Je, Wajua? Lango la Wakarmeli wa King's Lynn

Je, wajua kwamba mjini King's Lynn, katika jimbo la Norfolk mashariki mwa Uingereza, lipo lango la watawa ambalo wenyewe waliondoka mwaka 1538 na hawajarudi? Ni lango la Wakarmeli, la karne ya 14, lenye tao pana, na juu ya tao kuna vishubaka vya kuwekea sanamu. Sanamu hazimo. Kanisa, bweni, jiko, ukumbi wa kulia na maktaba vimekwisha vyote. Katika konventi nzima, lango ndilo peke yake lililobaki limesimama.

Wajua kwamba Wakarmeli hawakuanzia Ulaya? Walikuwa wakaa-pweke wa Mlima Karmeli, karibu na mji wa Haifa wa leo, na kanuni yao ya maisha waliandikiwa na Patriaki Albert wa Yerusalemu kati ya mwaka 1206 na 1214. Vita vya Msalaba vilipowageukia Wazungu, watawa hao walianza kutawanyika. Walifika Uingereza mwaka 1242. Miaka mitano baadaye Papa Innocent IV alilegeza kanuni yao ili waweze kuishi mijini, nao wakaenda mijini kwelikweli. King's Lynn walikuwa wameshaingia kufikia mwaka 1261 hivi.

Wajua kwamba joho jeupe halikuwa lao tangu mwanzo? Walivaa joho la mistari, na watu wa Ulaya waliliona la ajabu mno kwa mtawa. Mkutano mkuu wa shirika ulipokutana Montpellier mwaka 1287 ulilibadilisha likawa jeupe tupu. Kuanzia hapo Waingereza waliwaita kwa rangi ya nguo yao, kama walivyowaita Wadominiko kwa joho jeusi na Wafransisko kwa joho la kijivu. Majina hayo ya rangi yamebaki kwenye mitaa ya miji mingi ya Uingereza hadi leo.

Wajua tofauti ya watawa hawa na wamonaki? Wamonaki, kama Wabenedikto tunaowajua Peramiho na Ndanda, hukaa kwenye abasia yao, na zamani abasia ya Uingereza iliishi kwa mashamba na kodi za ardhi. Wakarmeli, Wafransisko, Wadominiko na Waaugustino walikuwa mashirika ya ombaomba. Riziki yao ilitoka kwa watu: sadaka, wosia wa marehemu, chakula cha mlangoni. Kwa hiyo walijenga palipo na watu, na lango lao lilitazama mji. Anayetaka kuielewa konventi ya ombaomba aanzie langoni, kwa sababu ndipo maskini aliposubiri mkate, ndipo mjane alipoleta senti ya misa ya mumewe, na ndipo ndugu wawili walipotokea asubuhi na mfuko wa kuombea.

Wajua kwamba King's Lynn ulikuwa na mashirika yote manne makubwa ya ombaomba kwa pamoja? Hapo kabla kulikuwa hata na la tano, dogo, la watawa waliovaa magunia, lililozimwa kutokana na uamuzi wa Mtaguso wa Lyon wa mwaka 1274. Mji mmoja kuweza kulisha konventi nne si jambo dogo. Lynn uliweza kwa sababu ulikuwa bandari. Mto Great Ouse uliuletea nafaka na sufu kutoka bara, na Bahari ya Kaskazini ikauletea samaki, mbao, lami na manyoya kutoka Norway na Baltiki. Wafanyabiashara wa Hanse, umoja wa miji ya biashara, kutoka Ujerumani walijenga ghala lao hapo mwaka 1475, na ndilo jengo la Hanse pekee lililobaki Uingereza nzima.

Wajua kwamba maparoko hawakuwapenda sana majirani hawa? Tajiri alipozikwa kwa watawa, ada ya mazishi na wosia wake viliwafuata watawa. Ugomvi ulipanda hadi Roma. Mwaka 1300 Papa Boniface VIII aliamuru robo ya mapato ya aina hiyo irudi kwa paroko wa marehemu. Aliyemfuata akaifuta amri hiyo mwaka 1304, na mwaka 1312 ikarudishwa.

Sasa tuingie ndani ya lango, kwa sababu waliolipita ndio waliolipa thamani.

Wajua kwamba mmoja wa Wakarmeli waliotoka mji huu alimsaidia Geoffrey Chaucer, mshairi mkubwa kuliko wote wa Uingereza ya wakati ule, kujua saa? Jina lake Nicholas wa Lynn. Alisoma na kufundisha Oxford, na mwaka 1386 alikamilisha kalenda kwa ajili ya John wa Gaunt, mwana wa mfalme Edward III. Kalenda hiyo ilipigiwa hesabu ya miaka 76, kuanzia 1387 hadi 1462. Ndani yake mlikuwa na kupatwa kwa jua na mwezi na urefu wa mchana. Mlikuwa pia na jedwali ninalolipenda kuliko mengine yote: kivuli cha mtu mwenye urefu wa futi 6 kitakuwa na urefu gani katika saa mbalimbali za mchana, mwaka mzima. Msomaji wa pwani hahitaji kufafanuliwa. Anayeijua alasiri kwa kupima kivuli dhidi ya kitu chenyewe ameshaielewa kazi ya Nicholas.

Chaucer aliitumia. Mwaka 1391 hivi alipomwandikia mwanawe Lewis, mtoto wa miaka 10, kitabu cha kufundisha matumizi ya astrolabu, chombo cha kupimia nyota, aliwataja kwa heshima watawa wawili wenye kalenda, na mmoja wao ni Nicholas. Na katika Canterbury Tales, kabla ya paroko kuanza kusema, msimulizi anakadiria kuwa ni saa kumi jioni kwa sababu kivuli chake kimefika futi 11 naye ana urefu wa futi 6. Wataalamu wa Chaucer wanaona hesabu hiyo ilitoka kwenye jedwali la Mkarmeli wetu.

Wajua kwamba Nicholas huyohuyo alisifiwa kwa safari ambayo huenda hakuifanya? Katika karne ya 14 kiliandikwa kitabu kiitwacho Inventio Fortunata, kuhusu safari ya kwenda nchi za kaskazini ya mbali. Kitabu kimepotea. Gerardus Mercator, mchora ramani, aliyapata yaliyomo kupitia msafiri mmoja aliyeyasimulia upya, na katika ramani yake ya mwaka 1569 akaichora ncha ya kaskazini kama mwamba mkubwa mweusi uliozungukwa na visiwa vinne. Baadaye Waingereza wakamtaja Nicholas wa Lynn kuwa ndiye msafiri. Lakini simulizi aliyoipokea Mercator ilisema msafiri alikuwa Mfransisko wa Oxford. Nicholas alikuwa Mkarmeli. Mimi simpi safari hiyo. Kalenda yake inamtosha.

Wajua kuhusu jiwe la ratili tatu? Hapa nitakaa kidogo.

Lynn ndiko alikozaliwa Margery Kempe, yapata mwaka 1373. Baba yake, John Brunham, alikuwa meya wa mji mara tano. Margery alizaa watoto 14, akajaribu biashara ya kupika pombe ikamshinda, kisha akaanza kuona maono na kulia kanisani kwa sauti kubwa hivi kwamba wengine walimkimbia. Alihiji Yerusalemu, Roma na Santiago. Hakujua kuandika, kwa hiyo alisimulia maisha yake yakaandikwa na wengine, na kitabu hicho kinahesabiwa na wengi kuwa tawasifu ya kwanza kwa Kiingereza.

Siku moja akiwa amepiga magoti katika kanisa la Mtakatifu Margareta, kitabu cha sala mkononi, kipande cha jiwe na kipande cha boriti vilikatika juu darini vikamwangukia kichwani na mgongoni. Alidhani amekufa. Mara maumivu yakatoweka. Mji ukagawanyika: wengine walisema ni rehema ya Mungu, wengine wakasema ni hasira yake. Ndipo akaja Alan, mwalimu wa teolojia, Mkarmeli wa konventi hii tunayoizungumza. Aliichunguza habari, akalitafuta jiwe na mti wenyewe, akavipima. Jiwe lilikuwa na ratili tatu, mti ratili sita. Kwa vipimo vyetu ni zaidi ya kilo nne kwa pamoja. Akatamka kuwa ni muujiza.

Natamani msomaji amwone vizuri mtu huyu. Katikati ya maneno ya mtaani, yeye alileta mizani. Unaweza kuukubali uamuzi wake au usiukubali, lakini alikuwa msomi aliyeona kwamba habari ya mwanamke anayechekwa inastahili kupimwa. Na alilipia. Mkuu wa Wakarmeli wa Uingereza alipopata malalamiko, alimkataza Alan kuzungumza na Margery, asimjibu hata swali la Maandiko. Alitii. Muda ukapita, katazo likaondolewa, wakakutana mezani kwa mjane mmoja wa mji huo, wakala pamoja. Alan akampa Margery jozi ya visu, ishara kwamba atasimama naye katika kazi ya Mungu.

Wajua pia kwamba Alan alikuwa fundi wa faharasa? Vitabu vya wakati ule vilikuwa vinene na havikuwa na njia ya kutafutia jambo. Yeye alivisoma na kuvitengenezea orodha ya mambo kwa alfabeti, kitabu kimoja baada ya kingine, yakiwemo Mafunuo ya Mtakatifu Brigita wa Sweden.

Wajua kwamba kitabu cha Margery kilipotea kwa karne kadhaa? Nakala kamili, ambayo zamani ilikuwa ya wamonaki wa Mount Grace huko Yorkshire, ilitokea mwaka 1934 katika nyumba ya familia moja ya Kikatoliki, na mtaalamu wa Kimarekani, Hope Emily Allen, ndiye aliyeitambua. Leo iko katika Maktaba ya Uingereza. Bila nakala hiyo moja, mizani na visu vya Alan tusingevijua kabisa.

Wajua kwamba jirani zao Waaugustino nao walikuwa na mwandishi? John Capgrave, aliyezaliwa 1393 na kufariki 1464, alikuwa priori, yaani mkuu, wa konventi yao hapo Lynn, na aliandika historia ya Uingereza kwa Kiingereza wakati wasomi wengi bado waliandika Kilatini. Na shirika lake hilo ndilo lililofika kwetu. Waaugustino wa Ureno waliweka makao yao Mombasa mwaka 1597, miaka minne baada ya ujenzi wa Fort Jesus kuanza. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hassan, ambaye Wareno walimlea na kumbatiza Goa kwa jina la Jerónimo, aliwaasi, akaiteka ngome, na watawa hao wakauawa pamoja na Wareno wengine. Konventi yao Mombasa haikuacha lango lolote la kusimama kando yake.

Wajua kwamba mji huu haukuitwa King's Lynn enzi za Margery? Uliitwa Bishop's Lynn, mji wa askofu. Mwaka 1537 Mfalme Henry VIII aliuchukua kutoka kwa askofu na jina likabadilika. Mwaka uliofuata ikaja zamu ya watawa.

Wajua kwamba aliyetumwa kuzifunga konventi za ombaomba alikuwa mmoja wao? Richard Ingworth alikuwa Mdominiko, priori wa Langley, kabla ya kufanywa askofu wa Dover. Mwaka 1538 alipanda farasi akazunguka nchi, konventi hadi konventi. Aliwawekea watawa masharti makali, kisha akawauliza kama watayatekeleza au wataikabidhi nyumba kwa mfalme kwa hiari. Wengi walikuwa na madeni na sadaka zilikuwa zimekauka kwa hofu ya watu. Wakakabidhi. Konventi zote nne za Lynn zilifungwa mwaka huohuo.

Na wajua walipewa nini? Wamonaki wa abasia tajiri walipofukuzwa, wengi wao walilipwa pensheni hadi kufa. Ombaomba, kwa kawaida, hawakupewa pensheni. Walipewa ruhusa ya kuvua joho na kutafuta kazi. Hilo ninaliona kuwa dhuluma kubwa kuliko kuvunjwa kwa kuta, kwa sababu mzee wa miaka 60 aliyekula kwa sadaka maisha yake yote aliambiwa sasa akajitegemee.

Risasi ya paa iliyeyushwa, kengele zikauzwa, mawe yakabebwa kujengea nyumba nyingine. Kwa nini basi lango libaki? Jibu ni la kawaida. Kiwanja kilipata mwenye kukimiliki, na mwenye kiwanja anahitaji mlango wa kuingilia. Kanisa kubwa lisilo na waumini lilimletea gharama ya matengenezo. Lango zuri lilimfaa siku ileile.

Matumizi ndiyo yaliyouokoa pia mnara wa Wafransisko, mita 28 hivi, mjini humohumo: mabaharia waliutumia kama alama ya kuingilia bandarini, kwa hiyo haukubomolewa. Umeinama kidogo. Ni mmoja wa minara mitatu tu ya Wafransisko iliyobaki England. Mingine iko Richmond ya Yorkshire na Coventry.

Wajua kwamba King's Lynn hauko peke yake kwa lango la namna hii? Burnham Norton, kijiji cha Norfolk hiyohiyo, kina lango la Wakarmeli la ghorofa moja, lililorembwa kwa gumegume na mawe yaliyochongwa. Lango la Wakarmeli la Coventry liliwahi kuwa jumba la makumbusho ya vitu vya kuchezea watoto. Na Dunwich, katika pwani ya Suffolk, lango la Wafransisko lina matao mawili, kubwa na dogo. Watawa hao walihamia hapo mwaka 1290 kwa sababu dhoruba za 1286 na 1287 zilikuwa zimekula pwani. Bahari bado inausogelea ukuta wao.

Wajua kwamba ukumbi wa Wadominiko wa London uliamua historia ya nchi? Huko Blackfriars, mwaka 1529, ndiko mahakama ya wajumbe wa Papa ilipokaa kusikiliza kesi ya ndoa ya Henry VIII na Malkia Catherine wa Aragon. Miaka tisa baadaye mfalme aliwafukuza wenye nyumba. Mwaka 1608 kampuni ya akina Shakespeare ilichukua ukumbi wa michezo katika majengo hayohayo.

Wajua kwamba mfalme Richard III alikutwa chini ya maegesho ya magari? Aliuawa vitani mwaka 1485, Wafransisko wa Leicester wakamzika kanisani kwao. Kanisa likabomolewa, mji ukajengwa juu. Wachimbaji waliipata mifupa yake mwaka 2012, na mwaka 2015 akazikwa upya katika kanisa kuu la Leicester.

Wajua nani aliyehifadhi habari za waandishi wa Kikarmeli? John Bale, Mkarmeli aliyeingia konventi ya Norwich akiwa na miaka 12, kisha akageuka Mprotestanti mkali, akaoa, na kuwashambulia watawa kwa maandishi maisha yake yote. Lakini mtu huyo alivipenda vitabu. Alilalamika hadharani kwamba maktaba za watawa ziliuzwa kwa wenye maduka na wauza sabuni, na kurasa zake zikatumika kusugulia vinara vya mishumaa na viatu. Orodha alizozikusanya ndizo zinazotuambia Alan wa Lynn aliandika nini. Kazi nyingi anazozitaja hazipo tena.

Hata kitabu kilichookoka kiliweza kukutwa na mkasi. Misale kubwa ya Wakarmeli wa London, ya mwisho wa karne ya 14, yenye picha nzuri ajabu, katika karne ya 19 iliangukia mikononi mwa watoto wa nyumba moja. Walizikata picha na herufi wakazibandika kwenye daftari zao. Mtaalamu Margaret Rickert alitumia miaka kuvipanga upya vipande hivyo, na mwaka 1952 akachapisha kitabu kinachoonyesha kurasa zilivyokuwa.

Wajua kwamba Wakarmeli walirudi Uingereza? Aylesford, katika jimbo la Kent, walikofika mwaka 1242 na walikofanya mkutano wao mkuu wa mwaka 1247, waliinunua nyumba yao ya zamani, na mwaka 1949 wakaingia tena. Mahujaji wanakwenda huko mpaka leo.

Lynn hawakurudi. Kama safari itakufikisha London na una siku moja ya ziada, panda treni King's Cross, inakwenda moja kwa moja hadi King's Lynn. Wageni wengi huishia kwenye ghala la Hanse na kanisa la Mtakatifu Margareta, na vyote viwili vinastahili. Lakini nenda pia kusini mwa mji, mtaa wa Friars, ukalitazame lango la Alan na ndugu zake. Liko nje, barabarani.